Tupeane uzoefu: Kazi yako imewahi kuibiwa mtandaoni, au ukaambiwa mwizi ni wewe?

Fundi Zeze
Wakuu, kuna dogo hapa Majengo analia, chaneli yake ya YouTube imedaiwa hakimiliki kwa video aliyoirekodi kwa mkono wake. Nimekumbuka yangu. Tunaorekodi ngoma, harusi na mahubiri Dodoma hii, tupeane uzoefu.

Nilikwenda Chamwino kumrekodi mzee mmoja mpiga zeze. Upepo wa kule mnaujua, kipaza sauti nilikivika soksi nikakifunga kwenye mguu wa kigoda. Video ikapendwa. Mtu nisiyemjua akachomoa sauti, akaiwekea midundo, akaipeleka kwa wasambazaji wa muziki kama wimbo wake. Asubuhi nafungua simu: video yako ina muziki wa mtu mwingine, mapato yataenda kwake. Na humo ndani ya huo "wimbo wake" jogoo wa mzee anawika, unamsikia kabisa!

Nikapinga. Mdai anapewa siku 30 za kujibu. Akazila karibu zote, kisha akakataa. Nikaambiwa nikikata rufaa nikashindwa, naweza kula straiki, yaani onyo la hakimiliki kwenye chaneli. Hela iliniuma, lakini kilichonikosesha usingizi ni mzee. Nilimwahidi fungu lake, na kila nikipita ananiuliza, "Mwanangu, ile ya kwenye simu imefikia wapi?" Nikakata rufaa hivyo hivyo, nikaeleza nilirekodi lini, wapi, na kwamba faili mama ninazo. Mdai akaachia.

Mama Nkuhungu
Huyo jogoo ndiye shahidi namba moja. Pole sana mwanangu.

Msomi wa Makulu
Watu wanachanganya vitu viwili. Madai ya kawaida YouTube huletwa na mfumo unaolinganisha sauti na picha, mara nyingi video inabaki ila hela zinahama. Straiki ni mwenye haki kuomba video iondolewe kisheria. Straiki 3 ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufutwa. Na ukipinga madai ndani ya siku 5, mapato yanawekwa kando tangu siku ya kwanza ya madai hadi mgogoro uishe. Wengi wanachelewa hapo.

Kijana wa Kibaigwa
Samahani kaka Fundi, ngoma ni ya mababu. Wewe uliomba ruhusa kwa Wagogo wote?

Fundi Zeze
Nilimwomba mwenye vidole vinavyopiga. Ulitaka nizunguke Bahi hadi Mpwapwa?

Kijana wa Kibaigwa
Usikasirike. Nauliza kwa sababu kila mwenye kamera siku hizi anageuka mwenye mila.

Msomi wa Makulu
Swali lake lina msingi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu yake kuhusu sanaa za asili, na ruhusa ya kuzitumia kibiashara inapitia BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Lakini mzee anayo hakishiriki, yaani haki ya mtumbuizaji juu ya onyesho lake, na aliyerekodi naye ana haki kwenye rekodi yake. Aliyechomoa sauti hana chochote kati ya hivyo.

Mpiga Picha Kisasa
Nyie mnalia na zeze, mimi nusura nivunje ndoa ya watu.

Nilipiga harusi, bibi harusi anaagana na mama yake, machozi yanamtoka. Picha nzuri sana. Maharusi wakaniruhusu kuiweka kwenye ukurasa wangu. Baadaye bwana harusi ananipigia anahema: picha iko kwenye tangazo la dawa ya kumrudisha mume aliyekimbia! Wamemkata mama, wamebakiza machozi. Shangazi za bibi harusi kule Mpwapwa wameiona kwenye kundi la ukoo na tayari wako njiani.

Nafika kwao nakuta kikao. Mshenga kaitwa, wazee wako kwenye mkeka, bwana harusi anaulizwa, "Umemfanya nini mtoto wetu?" Nikafungua kompyuta nikawawekea picha nzima. Shangazi mkubwa akaikodolea macho, akasema, "Huyu si wifi yangu huyu, mama wa bibi harusi?" Kikao kikaanza kuyeyuka.

Mama Nkuhungu
Yesu wangu! Na tangazo je?

Mpotea Njia
Tusimamishe yote, tunataka kujua huyo wa dawa yuko wapi.

Mpiga Picha Kisasa
Nilijaza fomu ya hakimiliki ya mtandao husika, likaondolewa. Likarudi kwa jina jingine. Nikajaza tena.

Kijana wa Kibaigwa
Ila picha alilipia bwana harusi. Mali yake hiyo.

Mpiga Picha Kisasa
Alilipia kazi na albamu. Soma mkataba.

Msomi wa Makulu
Ndiyo maana iandikeni kwenye mkataba: nani mwenye picha, nani anaruhusiwa kuiposti. Na sura ya mtu ina ulinzi wake, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Mzee wa Nzuguni
Andika jina lako katikati ya picha, kubwa.

Mpotea Njia
Jina linafutwa kwa programu kufumba na kufumbua. Posti picha ndogo, kubwa kaa nayo.

Mzee wa Nzuguni
Basi nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkasajili kila kitu.

Msomi wa Makulu
Hakimiliki inaanza kazi inapozaliwa, hata bila kusajili. Usajili unakusaidia kwenye ushahidi, kwa hiyo mzee hajakosea.

Mama Nkuhungu
Fundi, mzee wa zeze alipata fungu lake?

Fundi Zeze
Alipata, mama. Nilimpelekea mkononi. Sasa anataka turekodi na ilimba, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, safari hii tunaandikishana kwanza, na mjukuu wake anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma ndiye shahidi. Dogo wa Majengo, kama unasoma, nitumie tarehe ya hayo madai leo hii kabla siku 5 hazijapita.