Kabureta ya trekta la kukatia nyasi inavuja: kusafisha, kubadili vipuri vya ndani, au kununua nzima?

MtunzaUwanja, Usa River

Wanajukwaa, habari za leo. Ninatunza uwanja na bustani za shule moja hapa Usa River, na tegemeo letu ni trekta la zamani la kukatia nyasi lenye injini ya silinda moja. Tenki lake limekaa chini ya boneti, juu kidogo ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), hivyo petroli hushuka yenyewe bila pampu. Kwa muda sasa kabureta inadondosha petroli hata injini ikiwa imezimwa, na tukifungua banda asubuhi tunakuta sakafu imelowa na harufu imejaa ndani.

Nimeshauriwa njia nne: kufungua na kusafisha tu, kubadili vipuri vya ndani kwa seti ya ripea, kununua kabureta nzima isiyo ya mtengenezaji wa injini, au kufunga kabureta ya bodaboda ambayo inapatikana kila kona. Ningependa walioshika mashine hizi kwa mikono yao wanilinganishie njia hizo kabla uongozi haujatoa fedha, kwa kuwa masika yakianza hatutapata nafasi ya kusimamisha trekta.

FundiMajengo, Moshi

Kaka, kabla ya kulinganisha njia, tafuta kwanza petroli inakotokea. Ifute kabureta yote ikauke, tandaza karatasi nyeupe chini yake, kisha ruhusu petroli ishuke huku injini ikiwa imezimwa na ya baridi, na uangalie bila haraka. Unyevu ukianzia kwenye ukingo wa bakuli la petroli lililo chini ya kabureta, kwenye nati ya chini au pale solenoidi (kifaa cha umeme kinachokata petroli injini ikizimwa) inapofungwa, tatizo ni gasketi au washa, na gharama yake ni ndogo. Petroli ikitoka kwenye mdomo wa hewa na kulowesha filta, bakuli linajaa kupita kiasi, na hapo chunguza boya na nido (sindano ndogo inayoziba njia ya petroli). Ikitoka kwenye mpira au klipu, usiiguse kabureta kabisa.

Boya hilo hufanya kazi ileile ya boya la tenki la maji nyumbani: petroli ikipanda, nalo hupanda na kuisukuma nido izibe tundu la kuingilia. Nido hushindwa kuziba kwa sababu ya uchafu, au ncha yake imechakaa na kubaki na alama ya duara, au kiti chake cha mpira kimekakamaa, au boya limetoboka na kunywa petroli. Litikise boya karibu na sikio. Likiwa na kimiminika ndani utakisikia. Ukitaka uhakika zaidi, lizamishe kwenye maji ya moto, kwa kuwa hewa ya ndani itatanuka na mapovu yatatokea palipotoboka.

Kusafisha pekee kunatosha pale tu chanzo kinapokuwa uchafu. Kwa injini ya umri huo mimi ningechagua seti ya ripea, mradi mwili wa kabureta ni mzima. Ishike shafti ya kipepeo cha throto (kibamba kinachoongoza hewa inayoingia kwenye injini) na uitikise juu na chini. Ikiwa inacheza sana, hewa inapenya pembeni, injini itakuwa inapanda na kushuka yenyewe, na seti haitaponya hilo kwa sababu kilicholika ni tundu la mwili wenyewe. Hapo ndipo kununua kabureta nzima kunapokuwa na maana.

Tafadhali mkatazeni fundi yeyote kupaka silikoni kwenye ukingo wa bakuli badala ya gasketi. Petroli huifanya ivimbe na kumeguka, na vipande vyake huishia kwenye jeti (kitundu chembamba kinachopima petroli). Jeti nayo isichokonolewe kwa waya, kwani shaba yake ni laini na tundu likitanuka kipimo cha petroli kimeharibika; tumieni upepo wa kompresa, au uzi wa nailoni wa mshipi wa kuvulia.

BustaniNjiro, Arusha

Mimi nilichukua kabureta nzima isiyo ya mtengenezaji, na ninaitetea kwa mwenye shafti iliyolika kama yangu ilivyokuwa. Hata hivyo, kaka, usinunue kwa kutazama picha. Linganisha umbali wa matundu ya bolti, upana wa koo la kupitishia hewa, mahali fimbo ya gavana (kidhibiti mwendo wa injini) inaposhikia na aina ya soketi ya solenoidi. Piga picha springi za gavana kabla ya kuzitoa, kwa sababu tundu moja likikosewa mwendo wa injini unabadilika.

Namba za injini zitakusaidia zaidi dukani kuliko namba za trekta. Kwenye injini za kampuni ya Briggs & Stratton zimegongwa kwenye chuma cha injini chini ya majina Model, Type na Code, na tarakimu za mwanzo za Code ni mwaka, mwezi na siku ya kutengenezwa; inayoanza na 990512 ni ya tarehe 12 Mei 1999.

Jambo jingine ni mwinuko. Mji wa Arusha uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo jeti iliyopimwa kwa nchi tambarare huipa injini petroli nyingi kidogo. Petroli hiyo ya ziada huacha masizi kwenye plagi, kwa hiyo plagi nyeusi peke yake isikufanye uamini kwamba nido inapitisha.

PampuHai

Kuhusu kabureta ya bodaboda, ninaomba uiondoe kwenye orodha. Ile huendeshwa kwa waya unaovuta pistoni ndogo, wakati trekta lako linategemea gavana inayosukuma kipepeo kwa fimbo ili mwendo usizidi kipimo. Ukiiondoa gavana kazini, injini inaweza kukimbia kupita kiasi na kuvunja koneksheni rodi (fimbo inayoshika pistoni), halafu kuna kisu kinachozunguka chini yake na watoto wa shule wako karibu. Kitu cha kuazima kwenye pikipiki ni koki tu: ifunge kwenye mpira wa mafuta na uizime kila mnapoegesha. Haitibu nido, lakini banda halitajaa mvuke wa petroli usiku.

MzeeKarakana, Sakina

Vijana wangu mmeeleza vizuri, ila hakuna aliyegusa oili, nami naona ndilo la haraka kuliko yote. Petroli inayofurika haitoki nje yote. Nyingine hupita kwenye valvu, ikaingia silinda na kushuka kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia: kiwango kikiwa kimepanda au oili inanuka petroli, msiwashe injini hata kwa dakika moja, kwa sababu oili iliyopunguzwa uzito hailindi vyuma. Silinda ikijaa petroli, pistoni inaweza kukwama kwenye kimiminika na kupinda rodi.

Wengine wanaosoma hapa, ambao matenki yao yako chini ya kiti na wanatumia pampu inayoendeshwa na mvuto wa injini, waangalie pia ngozi (kiwambo chembamba cha ndani) ya pampu hiyo. Ikichanika, petroli hupita kwenye mpira wa mvuto moja kwa moja hadi kwenye oili, na mtu anaweza kubadili kabureta bure.

MtunzaUwanja, Usa River

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Petroli inatoka kwenye mdomo wa hewa, ukingo wa bakuli ni mkavu. Shafti haichezi, boya halina kitu ndani, lakini oili inanuka petroli na kiwango kimepanda, kwa hiyo trekta limesimamishwa. Nitaomba fedha za seti ya ripea, oili na koki. Je, kiti cha nido kinatolewaje bila kuharibu mwili?

FundiMajengo, Moshi

Kikiwa cha mpira wa kubonyezwa, ingiza skrubu nyembamba ya kujikatia njia ndani yake, mizunguko michache tu, kisha kivute taratibu. Kipya kipake tone la oili na kibonyeze kwa fimbo laini hadi kikae sawasawa, upande wenye mfereji wa duara ukitazama ndani. Tenki lisafishwe na filta ibadilishwe siku hiyohiyo, la sivyo chembe ileile itarudi chini ya nido.

Mkimaliza kufunga, wekeni oili mpya, fungueni koki na muache injini imezimwa kwa nusu saa juu ya karatasi kavu. Kisha pimeni tena oili, na kama kiwango hakijasogea, washeni.

MzeeKarakana, Sakina

Marahaba mwanangu. Kabla ya kuwasha, toa plagi, weka waya wake mbali na tundu na uushikize kwenye bodi ya injini, uzungushe injini ili petroli iliyobaki silinda itoke, na kazi hiyo ifanyike nje ya banda.