Eti nguruwe wangu wanapigana kwa sababu ya TABIA YANGU mimi!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, damu ya nguruwe bado iko kwenye buti. Jina sitaji. Mnamjua. Yule yule wa kalamu sikioni, anayezunguka kwenye mabanda ya watu kama mkaguzi aliyetumwa kutoka mbinguni.

Nina majike saba, wamekua pamoja, kila mmoja anaijua nafasi yake. Mkubwa wao akisogelea kihondi (chombo cha kulishia) wengine wanapisha, hata mguno husikii. Nikaongeza wageni watano. Wote kumi na wawili wamepandishwa na hakuna aliyefikisha wiki tatu. Nikamwuliza bwana huyu: niwachanganye sasa au nisubiri? Akajibu, fungua mlango leo leo, watazoeana wenyewe.

Nikafungua. Dakika mbili hazikuisha, banda likawa uwanja wa vita. Bega kwa bega, wanazungukana, meno shingoni, mayowe ya kuamsha wafu makaburini. Jike mdogo kati ya wale wageni kafukuzwa kona hadi kona mpaka sikio linaning'inia kama tambara. Mimi nimo katikati na ubao, naita nisaidiwe. Yeye kaegemea ukuta, anachokonoa meno. Ndipo akatamka, mbele ya kijana wangu wa banda na majirani wawili: "Nguruwe hufuata tabia ya mwenye banda."

Narudia, maana hata mimi bado siamini. Sikio linaning'inia. Mimi na ubao. Yeye na kijiti mdomoni. "Nguruwe hufuata tabia ya mwenye banda." Na kijana wangu, ninayemlipa mshahara mimi, akacheka!

Kwamba nguruwe wasiojuana watapigana ili wapange nani mkubwa, hilo silikatai. Siku mbili za kwanza ndizo za moto, kisha wanatulia. Lakini unawavurugaje wakati mimba ndiyo kwanza inajishika? Mimba zikitoka wakarudi joto, nimfuate nani? Tabia yangu?

Kihondi Kikavu: Huyo huyo! Kwangu alisema niwapake wote mafuta machafu ili wanukie sawa wasitambuane. Wakapigana wakiwa wanang'aa. Nilikuwa napeleka ubao, unateleza.

Dume Zee: Mleta uzi, majike 12, kihondi kimoja, na bado unatafuta mchawi? Nguruwe anapigana tangu siku anayozaliwa. Kitoto kinatoka na meno kama sindano, kinagombania chuchu za mbele, na baada ya siku chache kila kimoja kina chuchu yake. Sasa huyo akifikisha kilo 200 unataka awe mtawa?

Banda la Juu (mleta uzi): Nani kakwambia kihondi ni kimoja? Na hata kingekuwa kimoja, "nguruwe hufuata tabia ya mwenye banda" ni ushauri wa kihondi? Alikuwa ANACHOKONOA MENO.

Mama Vitoto: Pole sana ndugu yangu. Kaangalie majeraha yapo sehemu gani ya mwili. Waliochanika masikio, shingo na mabega ni waliosimama wakapigana, hao wataelewana. Waliochanika mapajani na nyuma ndio waliokuwa wanakimbia, na hao usipowawekea pa kujificha wataendelea kuonewa, hata chakula hawatakifikia. Simamisha vizuizi katikati ya banda, tandika majani makavu mengi, ondoa pembe za kunasia. Na chakula usimwage sehemu moja.

Kihondi Kikavu: Kwenye foleni ya chakula wangu wanang'atana hadi sehemu za uzazi. Niliacha kulisha chini, nikajenga vizimba vya kulia, kila jike na chake, kuta ndefu zinamfunika mwili mzima. Kelele ziliisha wiki hiyo hiyo.

Dume Zee: Tatizo ni hii mitindo ya makundi. Zamani jike unamfungia peke yake, amani.

Mama Vitoto: Amani gani, hata kugeuka hawezi! Umoja wa Ulaya tangu 1 Januari 2013 wamelazimisha makundi, tena sheria yao inaanza kuhesabu wiki 4 baada ya kupandishwa mpaka wiki 1 kabla ya kuzaa. Wiki NNE. Wanaofuga huko wengi huchanganya mapema kabisa majike wakitoka kunyonyesha, au wanangoja mimba ikae. Wiki ya pili au ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote.

Banda la Juu (mleta uzi): Asante mama! Wiki nne! Na mimi nilimwuliza kwa mdomo wangu, nisubiri? Akachokonoa meno!

Pumba Tupu: Mleta uzi na meno ya watu. Mimi wangu wanakatana mikia, mbona hamnisaidii?

Mama Vitoto: Hiyo ni kesi nyingine, hapo hawagombanii nani mkubwa. Nguruwe hana cha kuchimba wala kutafuna, banda limejaa, hewa nzito, anaishia kwenye mkia wa mwenzake. Wape majani leo, na aliyejeruhiwa mtoe.

Pumba Tupu: Majani nilimwaga, wakayala, wakarudi kwenye mikia. Nashuku pumba. Muuzaji wangu anachanganya mchanga, naapa. Ukikoroga kwenye ndoo, chini linabaki tope.

Dume Zee: Kumbe na wewe! Mimi nilidhani ni kwangu tu. Magunia mangapi?

Banda la Juu (mleta uzi): Jamani turudi kwenye mada. Sikio la yule jike limevimba.

Kihondi Kikavu: Pumba ya mchanga unaijua kwa kutafuna, inalia kwenye jino. Mie nilirudisha magunia yote, mwenye duka akanifukuza.

Pumba Tupu: Wa duka la kona? Mwenye ndevu?

Dume Zee: HUYO HUYO. Fungua uzi, nakuja.