Mtwara ya mwaka 2100: watoto waachwe waiandike imeharibika?

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, za jioni. Tulishindanisha hadithi za wanafunzi, mada "Mtwara mwaka 2100". Karibu zote mji umekufa: gesi imekwisha, mikorosho imekauka, bahari imemeza mtaa wa Shangani. Iliyonikaa kichwani ni ya binti wa kidato cha pili. Hewa safi inauzwa kwa mtungi, na aliyeishiwa anauza pumzi zake za mwezi ujao kwa kangomba, kama mkulima anavyomuuzia mlanguzi korosho kwa bei ya kutupa kabla hazijavunwa. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Mwenzangu kwenye jopo anataka mwakani tuweke sharti: mji uwe umestawi, la sivyo hadithi haisomwi. Eti tunalea watoto wa kukata tamaa. Mnasemaje?

Uraka Baridi
Naungana na mwenzako. Watoto wanakopi filamu tu, moshi na roboti wauaji. Waandike treni ya umeme mpaka Mbamba Bay, waandike madaktari wa kutosha. Lindi ndiyo ibaki makumbusho, wao mambo ya kale wameyazoea 😂

Bi Nahodha
Mwalimu, hilo neno "utopia" alilitunga Thomas More mwaka 1516, na kwenye kisiwa chake hicho kizuri kuna watumwa, wengine minyororo yao ya dhahabu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mji umestawi au umekufa, waulize watoto: umestawi kwa nani? Nani anafagia? Sharti la mwenzako linafuta swali hilo hilo.

Mwana wa Ng'apa
Uraka, Lindi imeingiaje hapa? Makumbusho tungekuwa nayo kama mjusi wetu, yule dinosaria, angekuwa nyumbani. Amesimama Berlin, mita 13 na ushee, watu wanalipa kiingilio kumwona. Wewe Mtwara una nini cha kuibiwa?

Uraka Baridi
Tuna gesi, shemeji. Na haikuibiwa, ilipewa bomba la kwenda Dar 😭

Ming'oko
Dada Nahodha, lazima tuanzie kwa Wazungu? Shaaban Robert alituandikia Kusadikika, nchi iko angani kabisa, 1951. Wajumbe wanatumwa pande sita kuleta maarifa, wakirudi wanafungwa. Hiyo si bunilizi ya kisayansi?

Bi Nahodha
Mdogo wangu, nimetaja Mzungu mmoja, tena nimemsema. Soma tena.

Uraka Baridi
Kusadikika haina mashine hata moja. Sayansi iko wapi? Riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi hapo sawa, kuna chombo kinarushwa. Ila ni Mkenya.

Ming'oko
Kwa hiyo bila chombo kurushwa hakuna sayansi? Basi na wewe unayepulizia mikorosho dawa ya salfa kwa mashine mgongoni ni mwanaanga.

Mwana wa Ng'apa
Turudi kwa mjusi. Waingereza walimchukua lini vile, kabla ya vita?

Mzee Salfa
Vijana msichanganye mafaili. Mjusi alichukuliwa na Mjerumani, kilima cha Tendaguru huko Lindi, 1909 mpaka 1913. Mifupa tani zaidi ya 200 ilibebwa na babu zenu kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mwingereza yeye alileta mradi wa mashamba ya karanga, 1947. Marehemu baba alifanya kibarua Nachingwea. Aliona matrekta ya kila aina, mengine alisikia yametokana na vifaru vya vita. Waliambiwa nchi yote itakuwa mashamba, Ulaya itapata mafuta ya kula, sisi tutapata mji. 1951 wakaacha, pauni milioni 36 zimekwenda. Bandari yenu ya Mtwara ni mtoto wa karanga hizo. Reli nayo ilijengwa, ikaja kung'olewa. Mwambie huyo wa jopo, hadithi ya mji uliostawi tulishaandikiwa. Iliandikwa London, wahusika tukawa sisi.

Uraka Baridi
Shikamoo mzee. Lakini unakiri bandari ni ya Mtwara 😁

Mwana wa Ng'apa
Mzee ametoa somo zima, wewe umeona bandari. Reli ilianzia Lindi kwanza, Mkwaya hapo. Mtwara ilifuata baadaye. Kila kizuri mnakikuta kimeshaanza kwetu.

Ming'oko
Na mjusi akirudi atawekwa wapi? Paa la mita 13 linajengwa na nani?

Mwana wa Ng'apa
Hilo ndilo swali Wajerumani wanalolipenda. Hongera kwa kuwasaidia.

Ming'oko
Nimeuliza paa, nimekuwa Mjerumani. Sawa.

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, nilikuwa kwenye maandalio ya somo, nimerudi nakuta mjusi. Jopo linakaa Alhamisi. Sharti liwekwe au lisiwekwe?

Uraka Baridi
Liwekwe. Na kipengele cha pili: Lindi isitajwe.

Bi Nahodha
Mimi nilishajibu, mwalimu, juu huko. Naona hakuna aliyepita.

Mzee Salfa
Mwalimu, huyo binti wa kangomba ya hewa. Mtungi anauuza bei gani?

Mwalimu wa Zamu
Mitungi mitatu kwa kiroba cha unga, mzee. Na mlanguzi mwenyewe kwenye hadithi ni bibi yake.