Naomba ushauri: mdogo wangu anasema mtoto wake anamwona kama wa mtu mwingine

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko Makambako, namuuguza mdogo wangu aliyejifungua kwa upasuaji. Mtoto alizaliwa na uzito mdogo, akapelekwa chumba cha watoto wachanga, mama akabaki wodini na kidonda. Sasa wako nyumbani. Ananyonyesha vizuri, ila usiku aliniambia, "Dada, naona kama nalea mtoto wa mtu." Niliumia sana.

Najua homoni ya oksitosini, ileile inayobana mji wa mimba wakati wa uchungu, hutoka pia mtoto anaponyonya au anapolala kifuani ngozi kwa ngozi, na humsaidia mama kutulia na kumzoea mwanawe. Shirika la Afya Duniani linashauri mguso huo uanze mara tu mtoto anapozaliwa. Wao hawakuupata, lakini siamini kwamba wamechelewa. Hata walioasili watoto huwapenda kwa moyo wote.

Nataka ambebe kwa mtindo wa kangaruu, yaani kifuani ngozi kwa ngozi: mtoto kofia, soksi na nepi tu, kisha khanga na blanketi juu yao wote wawili. Mama mkwe wake anakataa, anasema kwa baridi hili atapata nimonia. Nimweleze vipi, kwa heshima, kwamba mwili wa mama ndio unaompasha mtoto joto?

Na mliopitia haya, upendo ulikuja taratibu? Au hii ni sonona ya baada ya kujifungua, tumrudishe hospitali mapema? Maana hata mtoto akilala, yeye usingizi hapati.