Mama kavunjika paja: apasuliwe au nimpeleke kwa mzee wa mifupa?

Kitindamimba wa Kibosho: Wakuu, siku ya tatu sijalala. Mama (74) aliteleza kwenye tope akikata majani ya ng'ombe, paja la kushoto limevunjika. Hospitali hapa Moshi wanasema operesheni kubwa. Huku juu kuna mzee anaunga mifupa kwa mikono. Nifanyeje?

Dereva wa Noah: Pole mkuu. Mimi 2016 bodaboda ilinivunja mguu Kwa Mrombo, mzee kama huyo akaniunga. Natembea fresh. Mvua ikikaribia ndo nachechemea.

Mama Neema: Kitindamimba upo nyumbani, mama wa miaka 74 anakata majani?

Fizio wa Njiro: Operesheni kubwa kwa nini? Paja lina chuma?

Kitindamimba wa Kibosho: Ana nyonga ya bandia tangu 2011. Lakini haihusiani, kavunjika chini yake.

Fizio wa Njiro: Ndiyo inayohusika! Nyonga hiyo ina chuma kirefu kilichozama ndani ya mfupa wa paja. Kama bado kimeshika, wanafunga bamba na skrubu, na waya wa kuzungushia mfupa. Kama kimelegea, bamba peke yake halitoshi: kinang'olewa, kinawekwa kirefu zaidi kinachovuka pale palipovunjika. Kabla ya kuanguka alilalamika paja?

Kitindamimba wa Kibosho: Tangu Desemba, kila akiinuka kwenye kiti. Tulikuwa tunamchua.

Fizio wa Njiro: Huenda kilishalegea siku nyingi. Huyo mzee atakikaza na nini?

Kitindamimba wa Kibosho: Mzee ameshachukua 150,000 na mbuzi. Halafu akilala tu wiki kadhaa bila kisu, ubaya uko wapi?

Fizio wa Njiro: Vidonda vya mgongoni, damu kuganda, nimonia. Yuko wodini?

Mla Kiburu: Ngojeni kwanza, hii chai. Agosti huyu alifungua uzi "Mama katutoka, kaka anauza kihamba". Leo kafufuka, anakata majani?

Dereva wa Noah: 😂😂 Naleta maandazi.

Kitindamimba wa Kibosho: Yule mama mkubwa! Kwetu wote ni mama.

Mla Kiburu: Tupia eksirei.

Kitindamimba wa Kibosho: [picha] Hicho cheusi pembeni ni kidole changu.

Mla Kiburu: Dah. Samahani mkuu.

Fizio wa Njiro: Hujanijibu. Yuko wodini?

Kitindamimba wa Kibosho: Nilisaini jana tukamtoa. Yuko kwa mzee.

Mama Neema: Yesu wangu.

Fizio wa Njiro: Amefungwa nini? Vidole vya mguu anavisikia?

Kitindamimba wa Kibosho: Vibanzi vya mianzi. Vidole anachezesha. Nimempigia mzee kwamba tunakuja na gari la wagonjwa. Anasema hela atarudisha nusu, mbuzi wameshamla.