Mjadala: Kumvizia koyote kwenye kibanda ni uwindaji wa haki?

Mleta mada: Wakuu, naomba tujadili hili bila matusi.

Nipo Texas mwaka wa sita, upande wa San Angelo, nchi ya kondoo na mbuzi. Koyote ni jamaa ya mbweha wetu, ila ni mkubwa kidogo kumzidi. Hapa hafungiwi msimu: ukiwa na leseni unampiga mwezi wowote, idadi yoyote.

Mei iliyopita jirani yangu mfugaji alinipeleka kwenye kibanda chake cha kuvizia, hema la turubai lenye vidirisha. Lilinikumbusha dungu la kulindia mpunga nyumbani, ila hili limekaa chini. Upepo ulitupiga usoni. Mbele, kama hatua sitini, alikuwa ametega spika. Akaiwasha, ikalia kilio cha sungura aliyenaswa. Haikupita robo saa, koyote akachomoza vichakani, akaanza kuzunguka aupate upepo atunuse. Risasi moja tu, akalala. Tulipomgeuza, alikuwa jike, chuchu zimejaa maziwa, manyoya ya tumboni yamenyonyoka. Jirani alinyamaza. Usiku ule sikupata usingizi, nawaza shimo lenye watoto wanaomsubiri.

Msimamo wangu: kujificha si kosa. Kibandani bunduki imeegemezwa, mnyama yuko karibu, anakufa papo hapo. Anayemfukuza kwa gari ndiye anayemwachia majeraha. Kosa ni kalenda. Koyote huzaa Aprili na Mei, basi afungiwe Aprili hadi Agosti. Mfugaji anayeliwa mifugo yake asiguswe na katazo hilo.

Mchunga mbuzi: Mkuu, kwenye kalenda nakupinga. Koyote mwenye watoto ndiye anayeua zaidi, kwa sababu ana wa kulisha, na watoto wa mbuzi wako malishoni majira hayohayo. Mwaka jana niliokota wanne wiki moja, koo zimetobolewa. Nisubiri Agosti?

Mleta mada: Pole sana ndugu yangu. Wewe nimekutoa kwenye katazo, soma tena. Lakini jike yule hakuna aliyejua kama amewahi kugusa hata kondoo mmoja. Spika inamwita mwenye njaa, haimchagui mwizi.

Bi Nyika: Nyote wawili mnazungumzia bunduki tu. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwaangamiza wanyama wanaokula mifugo mwaka 1931. Zikaja sumu, mitego, hata kupigwa risasi kutoka kwenye ndege. Koyote aliyekuwa mnyama wa nyika za magharibi leo yuko kila jimbo isipokuwa Hawaii! California ilikataza zawadi kwenye mashindano ya kuwaua mwaka 2014, na mimi naunga mkono, kwa sababu kwenye mashindano hayo hakuna mifugo inayolindwa, wanahesabu mizoga. Kaka mchunga mbuzi, nakuuliza kwa heshima: hapo kazini kwako kuna mbwa wangapi wa kulinda zizi?

Mchunga mbuzi: Wawili, dada. Mmoja amezeeka, analala katikati ya mbuzi lakini habweki tena. Nimemwomba tajiri aongeze wengine wawili tangu Januari.