Supavaiza anasema Kiingereza yangu ndiyo ilimuona mwizi

Soja wa Usiku
Habari za jioni wadau. Mimi ni soja wa geti kwa ploti fulani huku Kasarani, shifti ya usiku. Juzi betri ya gari ya mpangaji iliibwa na mimi ndio niliandika kwa OB (kile kitabu cha matukio), nikaandika "When I reached the parking the thief left." Asubuhi supavaiza ananiuliza kama ulimuona akitoka mbona hukupiga filimbi? Na mimi sikumuona!! Nilipofika alikuwa ashaenda kitambo. Halafu chini nilikuwa nimeweka "He must jump the wall", hapo akacheka akauliza kwani ni sheria mwizi aruke. Hizi had na must zinatumika aje jameni, mimi niliishia darasa la nane.

Mwalimu wa Tuisheni
Pole kaka. Jibu umeshaliandika mwenyewe, angalia hapo uliposema "alikuwa ashaenda". Hiyo "alikuwa" ndiyo had. Ukisema the thief left, maana yake ulifika naye akaondoka, umemuona mgongo. Ukisema the thief had left, ulifika ukapata pengo la betri tu. Na baada ya had chukua lile neno la tatu tulilokuwa tukikariri, go, went, gone, kwa hivyo ni had gone. Had went naisikia hadi kwa watu wa ofisi na inaniuma masikio.

Dada wa Umoja
Naongezea ya must. He must jump ni lazima aruke, amri. Wewe ulikuwa unakisia kitu kimeshapita, kile tunasema "atakuwa aliruka ukuta", hiyo ni must have jumped. Kama huna uhakika hivyo, weka might have jumped, labda aliruka. Na kama geti lilikuwa na kufuli, he can't have used the gate, hawezi kuwa alipitia hapo. Should have ndiyo supavaiza atakuandikia wewe, you should have blown the whistle, yaani ulifaa kupiga na hukupiga 😂

Kijana wa Roysambu
Lakini usimwage had kila mahali, kazini kuna mtu aliijua juzi na sasa imeili zake zote ni had had had. Mambo yakifuatana vile yalitokea, nikachukua tochi nikazunguka nikaita keateka, ni took, checked, called basi. Had ni ya kurudi nyuma. Na ukiwa na before unaweza kuiacha, he left before I arrived iko sawa kabisa.

Soja wa Usiku
Asanteni sana. Sasa: "When I reached the parking the thief had left. He must have jump the wall because the gate was locked."

Mwalimu wa Tuisheni
Jumped, kaka.

Soja wa Usiku
Aii, na OB haifutwi. Wacha niongeze hiyo ed kwa kando.